Betri ya Maji Mafu

Kishindo kilitoka chini ya maji. Gogo. Injini ikalia kwa ukali, mtumbwi ukakosa mwendo, na maji yaliyokuwa yakipwa yakawasukuma hadi kwenye tope, ubavuni mwa mikoko. Bashiru, nahodha, akaiinua injini na kuchungulia.

"Kipini kinachoshikilia pangaboi kimekatika. Nitaweka msumari badala yake. Lakini maji haya yanatuacha."

Yeye na Mwanahawa walishuka kusukuma, tope likawameza hadi mapajani. Mvua iliwachapa usoni. Gati la Nyamisati, ambako gari la wagonjwa lilikuwa likisubiri, halikuonekana.

Mwanahawa alipanda tena, akamfunika dada yake turubai. Biasha alibanwa na homa ya mapafu. Mrija puani mwake ulitoka kwenye mashine ya oksijeni, na mashine ilikula umeme wa betri iliyokaa miguuni pake. Asubuhi, kwenye zahanati kule Salale, muuguzi Remigius alikuwa ameonyesha taa ya kijani. "Imejaa," akasema. Mwanahawa, fundi wa umeme wa jua, akaridhika.

Sasa inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uifae mashine, ikaanza kulia kuonya: pii, pii.

"Mbona mapema?" Bashiru akauliza. "Si imejaa?"

"Imejaa, nahodha, ila tumbo lake limesinyaa. Imeandikwa ampea-saa mia; za kutumia ni nusu tu. Mashine inakula karibu thelathini kwa saa. Ingekuwa mpya tungepata saa moja na nusu. Hii imewasha taa za zahanati miaka mitatu."

"Kumbe kama maji mafu, haya ya siku za bahari kujaa kidogo. Nayo yanajaa, lakini mikoko ya juu haiyaoni."

"Hivyo hivyo. Yatatuinua lini?"

"Baada ya saa nne hivi. Leo yana uvivu."

Mwanahawa akafuata waya kwa macho. Kwenye inveta palichomekwa kitu kingine. Simu ya Bashiru.

"Bashiru," Biasha akanong'ona, "yaani unachaji simu kwa pumzi yangu?"

"Nisamehe, dada. Nilijua umeme wa jua ni wa bure."

Simu ilikula umeme kiduchu, lakini Mwanahawa aliichomoa. Kisha akaizima mashine. Kupunguza hewa kungekuwa kazi bure. Mashine ile ingekula umeme uleule. Akamkalisha dada yake wima, mgongo kifuani pake, akawa anatazama kucha. Zikigeuka bluu, anawasha. Zikirudi rangi, anazima. Betri iliyochoka, ukiibana kwa mzigo mkubwa, husalimu amri mapema. Ukiipumzisha hurudisha kidogo. Kuwasha, kuzima. Vidole vya Mwanahawa viliingiwa na ganzi, halafu mikono, halafu kile kitu cha ndani ambacho kilipaswa kuogopa. Akawa anamtazama Biasha kama anavyotazama kipimo.

Mvua ilikatika. Maji yakarudi kimyakimya, yamebeba majani makavu, yakauzunguka mtumbwi. Bashiru alikuwa amekwisha kufunga msumari wake. Akapima kwa mkono.

"Bado vidole vitatu vya maji ndipo tuelee. Tungoje."

"Muda gani?"

"Kama saa nzima."

Inveta ikalia tena, safari hii bila kukoma. Mwanahawa akaitazama betri. Kilo thelathini. Tupu au imejaa, uzito ni uleule.

"Tukiishusha hii, na sisi wawili tukashuka?"

Bashiru akautazama mtumbwi, kisha maji. "Tunaelea. Lakini bado inatoa?"

"Dakika chache."

"Basi mwache avute, fundi. Huyu ni dada yako."

Biasha akautoa mrija puani kwa mkono wake mwenyewe. "Ishusheni. Mnangoja nini?"

Mwanahawa akafungua waya. Waliibeba betri wakaiweka juu ya mizizi ya mkoko, wakazama topeni, wakasukuma kwa mabega. Tope likanyonya, likanyonya, likaachia.

Bashiru aliendesha polepole, msumari usikatike. Kucha za Biasha ziligeuka bluu na hazikurudi. Mwanahawa alimkumbatia wima, akavuta pumzi pamoja naye, moja baada ya moja, bila chozi, bila dua. Gatini, mtungi wa oksijeni ulifunguliwa kabla mtumbwi haujafungwa kamba.

Baadaye, wodini, Biasha akiwa amelala, rangi imemrudia, umeme ukakatika mchana kweupe. Mashine pembeni yake haikuyumba.

"Usihofu, dada," muuguzi wa zamu akasema. "Betri ya akiba imejaa."

Mwanahawa akaitazama taa ya kijani. Vidole vyake bado vilikuwa vizito.

"Kwa muda gani?"

"Saa tano, kwa mzigo wa wodi hii. Tuliipima mwezi uliopita."

Hapo ndipo Mwanahawa alipoanza kulia.