Betri Iliyozibwa Ncha

Walter Prokop alikuwa amelala chali chini ya meza yake ya ufundi, gerejini. Damu ilikuwa imekauka kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, na kwenye saruji.

"Alisukumwa," alisema daktari wa polisi. "Kisogo kikapiga jiliwa. Jana jioni."

Inspekta Doris Nabigon aliinuka, akatazama rafu.

"Mwizi angetafuta nini humu?" aliuliza Konstebo Fournier. "Takataka tupu."

Hazikuwa takataka. Walter, fundi mstaafu wa reli, hakuwahi kutupa kifaa. Redio ya gari lililokufa iliwaimbia kuku wake. Mota ya printa ilifungua mapazia ya sebule kila kulipokucha. Na mezani ilikaa mashine ya zamani ya kupokea ujumbe wa simu, ile ya kanda, imeunganishwa nyaya na kitambuzi cha mwendo kilichotazama mapipa ya taka. Dubu wa msituni akisogea kula taka, kanda ilizunguka na mbwa akabweka. Mbwa mwenyewe hakuwepo.

Mtaa mzima ulikuwa umemsikia mbwa huyo kwa wiki nzima. Gord Petrie, jirani, alikuwa amemchoka kabisa. Sasa alikaa kwenye gari la polisi, pingu mikononi.

"Nilisema nitaivunja ile mashine kwa nyundo, ndiyo," alisema. "Kila mtu alinisikia. Lakini kusema si kuua, Inspekta."

"Jana jioni ulisikia nini?"

"Walter akigombana na mtu. Halafu yule mbwa akabweka mfululizo kama kichaa, mara kimya. Nikasema, asante Mungu." Akainamisha kichwa. "Sasa naona aibu."

"Alitishia, na hana shahidi," Fournier alinong'ona. "Tumpeleke kituoni, mama?"

Doris alirudi gerejini, akainamia mashine. Haikuwa na mkwaruzo. Kifuniko cha betri kilikuwa wazi, na betri ya mraba imewekwa kando. Ncha zake mbili zilikuwa zimezibwa kwa utepe wa kijani, umekandamizwa vizuri hadi pembeni.

"Fournier, ungetaka kitu hiki kinyamaze, ungefanyaje?"

"Ningekipiga teke."

"Na Gord?"

"Nyundo. Amesema mwenyewe."

"Huyu alitoa betri, akakata utepe, akaziba ncha. Mtu anakufa miguuni pake, yeye anaziba ncha."

Fournier alikunja uso. "Nani hufanya hivyo?"

Doris aliwajua. Kila Jumamosi, chini ya maktaba, wazee wa kujitolea walitengeneza redio na vibaniko vya mkate vya watu. Jambo la kwanza walilofundishana ni hilo: betri ya aina ile ikiachwa wazi, ikagusa chuma, huwaka moto. Baada ya muda mikono huziba yenyewe, kichwa kikiwa kwingine.

Alibandua utepe kwa kibano, akauinua kwenye mwanga. Upande wa gundi ulikuwa na alama ya kidole gumba.

Mchana ule Gord alirudi kwake. Kwenye chumba cha mahojiano aliketi Eino Saarela, mmoja wa wazee wale wa maktaba, kaka wa Helmi, marehemu mke wa Walter. Ndiye aliyeukuta mwili na kupiga simu. Alama za vidole vyake zilichukuliwa asubuhi, kama za kila aliyeingia gerejini.

"Uligusa nini mle ndani, mzee?"

"Sikugusa kitu. Nilimwona shemeji chini, nikawaita."

"Mashine?"

"Hata sikuiangalia."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

Doris aliweka picha mezani. "Hiki ni kidole gumba chako. Kiko ndani ya gundi."

Eino aliitazama. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Utepe," alisema. "Jamani. Utepe."

"Kwa nini, mzee?"

"Sauti ya Helmi ndiyo iliyojibu simu kwenye kanda ile." Alisugua viganja vyake. "Tangu tumzike, nilikuwa napiga simu pale Walter akiwa hayupo, nimsikie tu. Wiki hii ikawa inaita bila kupokewa. Jana nikaenda. Nakuta mashine imefungwa nyaya, inabweka! Nikamuuliza, Helmi yuko wapi? Akacheka. Mlimjua Walter kwa utani. Akasema, 'Shemeji, dada yako sasa anafukuza dubu.'"

"Ukamsukuma."

"Nikamsukuma. Alikuwa anasema, 'Eino, ngoja.' Sikungoja. Akaanguka akikigonga kitambuzi, mbwa akabweka bila kukoma, nikatoa betri."

Doris aliitoa mashine kwenye mfuko wa vielelezo, akarudisha betri, akabonyeza. Mbwa akabweka. Fournier aliruka.

Inspekta aliisimamisha. Akafungua kifuniko, akatoa kanda, akaigeuza upande wa pili.

"La," alisema Eino. Alishaelewa. "La, usifanye hivyo."

Doris akabonyeza. Sauti ya Helmi ikasikika.

"Hapa ni kwa Walter na Helmi. Tumetoka, acha ujumbe. Na kama ni wewe, Eino, acha kutupigiapigia. Njoo tu. Mkate wa iliki uko mezani."

Kanda ikaendelea kuzunguka bila sauti.

"Hakuifuta," alisema Eino. "Mbona hakuniambia?"

"Alikuomba ungoje, mzee."

Doris alizima mashine, akatoa betri, akaitia kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki.

"Inspekta," alisema Eino, macho yakiwa sakafuni. "Ziba ncha zake. Isije ikamuunguza Helmi."