Ghala la Mirongo

"Malimi, ghala limeuzwa."

Sauti ya askari mwenzake ilikoroma kwenye redio ya Motorola iliyofungwa begani. Malimi alikuwa ameshaipita Usagara, Yamaha ikiunguruma chini yake, Land Cruiser nyeupe ikimtimulia vumbi mbele.

"Kauza nani?"

"Salum. Kasaini jana."

Malimi alitukana kwa Kisukuma.

Programu ya kukokotoa dozi za watoto haikuwa na mwenyewe. Hospitali kumi na moja za ziwani ziliitumia bure, na madaktari wao wakaiandikia nyongeza. Nyongeza zote zilikaa kwenye kompyuta moja, ndiyo waliyoiita ghala, dukani kwa Salum, mtaani Mirongo, kwa sababu tu Salum alikuwa na laini ya simu. Hakuna aliyeuliza ghala ni la nani. Kosa la watu wema.

Roux, aliyekuwa ndani ya ile Land Cruiser, aliuliza, kisha akalinunua. Alikuwa jasusi wa kampuni ya ng'ambo iliyotaka kuziuzia hospitali programu yake. Saa sita kamili hospitali zingepiga Mirongo kuchukua nyongeza mpya, na nyongeza hiyo, aliyokwisha kuichezea, ingezidisha dozi ya kwinini mara mbili. Wakifa watoto watatu, programu ya bure itazikwa nao.

Wodini Sengerema alilazwa Winnie, mtoto wa dada yake, na malaria kali. Malimi aliogopa, naye hakuwa mtu wa kuogopa.

Gati la Kigongo. Kivuko kilishaanza kuondoka.

Yamaha iliruka, ikatua kivukoni.

Roux alikuwa kwenye reli, sanduku la disketi mkononi. Alikuwa amempora Tereza, mtunza nyongeza, ambaye kila Alhamisi huzivusha kwa disketi hadi Sengerema, zipitishwe hospitali kwa hospitali.

"Mashine yangu. Namba ya simu yangu," Roux alisema. "Na hii ndiyo nakala safi pekee."

Akalitupa ziwani.

Malimi hakugusa bastola. Alizungusha kitufe cha redio hadi kwenye mawimbi ya hospitali. Ilikuwa saa sita kasorobo, muda wao wa kuitana.

"Suzana, namba ya Mirongo imeshikwa na adui. Asipige mtu. Disketi za leo zimezama."

"Zizame tu, dada." Muuguzi wa Sengerema alicheka. "Tangu lini mbegu ikawekwa nyumba moja? Kila hospitali hunakili kabla ya kupitisha. Wenzangu, mmesikia?"

Sauti kumi ziliitika, moja baada ya nyingine. Hatupigi.

"Na Winnie?"

"Dozi yake ni ya hesabu ya Alhamisi iliyopita. Anakula uji."

Malimi alishusha pumzi.

Roux alichomoa Beretta. Alichelewa. Teke moja, silaha ikafuata disketi. Pingu zikalia kwenye reli.

"Nina hati!" alifoka. "Nimenunua ghala!"

"Umenunua kompyuta, bwana."

Kivuko kilipogusa Busisi, askari wawili walipanda kumchukua. Motorola ikakoroma tena.

"Tuko kwa Salum. Saa sita imepita. Amekaa hapa anaitazama simu."

"Imelia?"

"Hata mara moja."

"Mwacheni aitazame."

Akazima redio. Alinunua machungwa manne kwa mama mmoja pale gatini, akamwamkia, akaiwasha Yamaha na kushika njia ya Sengerema, taratibu, asiyapondeponde machungwa ya mgonjwa.