Aliyekaa Kiti cha Kushoto

Miguu ya Faiz haikufika mbele. Jana yake alikisogeza mwenyewe kile kiti cha abiria, maana yeye ni mtu mfupi, na asubuhi hii alikikuta kimerudishwa nyuma kabisa, kana kwamba alipanda mtu mwenye miguu mirefu. Akakishika kwa kiganja. Kilikuwa na joto, na kilinukia manukato ya halud.

Gari lilikuwa la mkewe, Mwanakuu, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Alitaka gari la kukimbiza Jumapili, huko nje ya mji ambako wapenzi wa mbio hukodi uwanja wakashindana na saa. Alikagua magari saba yaliyotumika, akilala chini kutazama kutu na viraka vya kuchomelea, akisikiliza injini ikiwa baridi, mpaka akalipata hili: dogo, jekundu, la milango miwili. Faiz, mshona kanzu, hakuyajua mambo hayo. Alichojua ni kwamba mkewe hakuwahi kumtazama yeye kwa makini namna ile.

Alimuuliza kwa upole nani alokaa pale. Mwanakuu akacheka, akamwambia hakukaa mtu.

Wivu ukamwingia. Siku ya pili akafunga duka mapema, akaenda kusimama karibu na Ngome ya Yesu, mahali wanapoegesha kwa kuwa vichochoro vya Mji wa Kale haviruhusu gari. Jua lilikuwa bado kali. Akaliona jekundu linakuja taratibu, na mkewe ndani yake anacheka, uso ameugeuzia kushoto, midomo inakwenda kama ya mtu anayesimulia siri tamu, na Faiz akajongea amwone huyo mwanamume, akajongea tena mpaka akakishika kioo, na ndani hamkuwa na mtu, ila mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umefungwa, umetuna mbele kama umezunguka kifua kipana, na ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama kifua kinachopumua.

Nyumbani hakula.

Wiki hiyo gari lilipelekwa kwa fundi Kazungu, Bondeni, litayarishwe kwa mbio. Kazungu alieleza kuwa kwanza litabadilishwa breki na springi, kisha lipunguzwe uzito: mazulia yatoke, viti vya nyuma vitoke. Faiz akadakia kwamba na cha kushoto kitoke pia. Mwanakuu akasema, bila kumtazama, kwamba haitasaidia.

Kiti kilipong'olewa, roho ya Faiz ilitulia kwa mara ya kwanza. Kazungu akaweka mizani nne, moja chini ya kila gurudumu, ili alinganishe springi mpya. Akasoma, akakunja uso. Ubavu wa kushoto ulizidi kwa kilo tisini. Akabadilisha mizani, za kulia akazipeleka kushoto. Zikawa tisini zile zile.

"Mwenzangu," Kazungu alinong'ona, "humu ndani mna nini?"

Kabla Faiz hajajibu, nambari zikaanza kushuka zenyewe, na gari likainuka upande wa kushoto polepole, kama linavyoinuka abiria mzito anaposhuka, na harufu ya halud ikaja, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua, ikamkaribia mpaka ikasimama mbele ya uso wake, juu kidogo, na pumzi ya moto ikamshukia utosini.

"Nipishe," sauti ikasema.

Akapisha.

Baada ya Alasiri ya kesho yake Maalim Aidarus aliitwa nyumbani. Alimfunika Mwanakuu shuka, akafukiza ubani, akasoma kwa muda mrefu. Sauti iliyojibu chini ya shuka ilikuwa ya mwanamume. Jini lilisema limempenda, wala halimdhuru. Maalim akaliuliza lataka nini.

"Tugawane siku. Mimi humsikiza. Huyu humchunga tu."

Maalim akamvuta Faiz kando, akamweleza kuwa jini mahaba likitolewa kwa nguvu huacha kidonda. Heri mwanamke aulizwe kwanza. Faiz alijua jibu analoogopa kulisikia. Hakumuuliza.

"Litoe," alisema. "Leo hii."

Likatolewa. Kilio chake kiliyatikisa madirisha, kisha nyumba ikawa shwari, na Mwanakuu akalala kama mtoto.

Asubuhi Faiz alimkuta ameketi mkekani, amevaa nyeupe tupu, pete ameivua, hina ameisugua mpaka ngozi imechubuka. Jirani yao Mbeyu aliyekuja kumjulia hali akashtuka, akauliza nani aliyefariki.

"Mume wangu," alijibu Mwanakuu.

Mbeyu akamtazama Faiz, akatoka bila kuaga. Faiz akapiga magoti mkekani, akamwita mkewe kwa jina. Mwanakuu akaivuta leso hadi kwenye macho, kwa adabu, kama mbele ya mgeni.

"Kaka, miye niko edani. Si vyema mwanamume kuingia humu. Nifungie mlango."

Faiz akatoka, akaufunga. Akabaki ukumbini akimsikiliza analia, kilio ambacho yeye, siku akifa, hatakipata.