Diski Iliyonyamaza

"Binti yako si huyu hapa, mama? Sasa unataka nimfungulie nani?"

Hivyo ndivyo mkwe alivyomjibu mama mkwe wake, mchana kweupe, funguo kazitia mfukoni na mdomo kaubetua. Na kweli, binti alikuwa pale pale jikoni, kawapa mgongo, anaosha vikombe. Lakini sauti ya binti huyo huyo ilikuwa inamwita kutoka chumba cha pili.

Turudi nyuma, usije ukadhani ni maneno ya kuokota. Mkwe huyu watu humwita Msagaji, ana mashine ya kusaga nafaka. Kutwa ngurumo masikioni. Akirudi nyumbani hataki hata kijiko kianguke. Basi akajitengenezea chumba cha sinema: runinga pana kama kitanda, na kompyuta ya kuwekea filamu zake. Akachana magodoro akayabandika ukutani, dirisha akaliziba, mlango akauvalisha sponji. Ukifungiwa humo upige ukunga, aliye nje hasikii ng'o.

Adui akawa diski, kile kidude cha ndani ya kompyuta kinachotunza filamu. Ikizunguka, krrr, krrr, kama panya anatafuna mlango. Msagaji akampa mpita njia diski hiyo, akanunua nyingine ya kuzunguka polepole. Akaining'iniza ndani ya boksi la kompyuta kwa mpira aliouchomoa kwenye sketi ya mkewe, isigusane na bati.

"Yaani mimi nitembee nimeshikilia sketi ili diski yako ipate usingizi?" mkewe akamcheka.

Binti huyo alikuwa na mdomo, wacha! Akicheka, jirani naye anacheka bila kujua kisa.

Lakini diski ilipopunguza sauti, kikasikika kingine. Filamu ikifika mahali pa kimya, kitu kinapiga funda nyuma ya kochi. Gluu. Na harufu, kama nywele mbichi zimepigwa pasi.

"Mama," binti akanong'ona, "ile diski ya zamani ilikuwa inamfunga mdomo. Ikisaga, yeye hutulia."

"Yeye nani?"

"Usiniulize kwa sauti."

Mama akamfuata mkwe: mwanangu, itafute ile ya zamani, kimya kingi kina mshindo mkuu. Wapi! Sikio la kufa.

"Mama, ni diski tu hiyo. Bado ina kelele."

Akaleta ya tatu, isiyozunguka kabisa, haina hata kitu cha kutikisika ndani yake. Akaitundika kwenye mpira ule ule, akamwambia mkewe, "Kaa humo nikufungie kidogo. Nikifungua uniambie kama umesikia chochote."

Mama alikuwa pale mlangoni anakunja nguo. Hakusikia kitu. Angesikiaje?

Mlango ulipofunguliwa, binti akatoka.

"Umesikia kitu?"

Akatikisa kichwa. Msagaji akapiga makofi kwa furaha.

Tangu hapo binti hasemi. Anafagia, fagio halikwaruzi. Anatembea, kandambili hazipigi sakafu. Vikombe vya bati anavigonganisha na havilii. Mamaye akamtania ile ya sketi. Binti akamtazama tu, koo likapanda na kushuka. Gluu.

Na mchana ule, mama ameegemea ukuta, ukuta wa magodoro usiopitisha hata ngurumo, akasikia kwa mbali, kama mtu aliye chini ya kisima, sauti ya mwanawe aliyemzaa na kumnyonyesha ikisema mama, nifungulie, humu hakuna hewa, aliyetoka si mimi, mama, nifungulie.

Ndipo ule ugomvi wa funguo. Mwishowe mkwe akafungua. Ndani hakuna mtu. Kompyuta imechomolewa umeme, na diski inabembea kwenye mpira wake, taratibu, kama mtoto anayelazwa. Wakafunga.

"Mama, mbona mnafunga tena?" ikauliza ile sauti kutoka ukutani.

Msagaji akamshika mama mkwe mkono, akamnong'oneza. Kumbe ile jeuri yote ilikuwa ya kusikiwa jikoni. "Nyamaza, mama. Hata mimi namsikia. Lakini huyu wa jikoni hatuachii tutoke, na ukipaza sauti anageuka."

Wakatazama. Alikuwa ameshageuka.

Mganga alikuja, akatega sikio ukutani, akaondoka pekupeku. Viatu vyake viko pale hadi leo. Mama mtu hajabanduka. Amekaa ukutani na sufuria na mwiko, anagonga, maana akigonga mwanawe anapata pumzi, na mkono ukichoka, funda linapigwa.

Basi wewe uliyesikia, ile diski ya zamani iko kwa mtu. Inasaga krrr, krrr, kama panya anatafuna mlango, na mlango ndio tunaoutaka utafunwe. Mwambie mwenzio, naye amwambie mwenziwe, mpaka aliye nayo airudishe. Na mkiambizana msinong'one, jamani. Semeni kwa sauti.