Ampli Iliyofunikwa Bulangeti

Edith alikuwa anachambua maharagi mbele ya nyumba, huko Katuba, aliposikia muziki wa motoka ukikatika katikati ya wimbo. Hakuinua kichwa.

"Imelala tena," alisema Ruphin, bwana yake.

"Haikulala. Imekufa."

Kazi ya Ruphin ilikuwa kutangulia maarusi na motoka yake, yenye mabafle makubwa ya kutoa sauti ndani ya kofre, buti ya nyuma. Jumamosi iliyopita muziki ulizima mbele ya kanisa. Bibi-arusi akapanda ngazi kimya kimya, watu wakacheka. Na Jumamosi inayokuja ilikuwa ndoa ya Myriam, binti yao wenyewe. Wakwe walikuwa wanatoka Lukafu. Muziki ukizima mbele yao, Edith alijua, watasimulia mpaka kwa wajukuu.

Akainuka, akafungua kofre. Ampli, ile mashini inayoyapa mabafle nguvu, ilikuwa ndani ya sanduku la mbao. Ruphin alikuwa ameifunga na nailoni, halafu na bulangeti. Bulangeti la kitanda chao.

"Baba Myriam, minatafuta hii bulangeti tangu juzi."

"Ampli yenyewe iliomba," Ruphin alisema. "Taa nyekundu inawaka, chini yake banaandika PROTECT. Ni kusema protéger. Tuilinde. Na mavumbi ya saison sèche, wakati huu wa kiangazi, unaijua."

Edith aliliacha bulangeti pale. Alikwenda kumwita jirani, Mama Jeanne, mwenye kutengeneza mafrigo. Jeanne alikuja na turnevis yake ya kufungulia skurubu, akagusa ampli, akatoa mkono haraka.

"Ruphin, weye ukisikia joto, unavaa makoti mbili?"

"Ampli haiko muntu, Mama Jeanne."

"Njo maana haikutukani. Sikiliza. Ile taa haiombi kitu. Inasema: nimejikinga miye mwenyewe, nimezima ili nisiungue. Unaona haya meno ya chuma, kama ya kisanuo? Joto inatokea hapa, inaingia mu hewa. Ukifunika, itapita wapi?"

"Na mavumbi?"

"Utapangusa na burosi kavu, kila juma."

Ruphin alifikiri. "Bon. Nitaweka masachet, vile vifuko vya barafu, juu yake."

Edith alifunga macho.

"Barafu inageuka maji," Jeanne alisema polepole. "Maji na courant, na umeme! Unataka kuchoma motoka siku ya ndoa ya mutoto?"

Walianza kazi palepale. Edith alitoa nailoni, akachukua bulangeti lake. Jeanne alisimamisha ampli, meno yakaelekea juu, ili hewa ya moto ipande bila kuzuiwa. Aliacha nafasi ya kiganja pande zote. Ruphin alikata tundu moja chini, kwenye upande mmoja wa sanduku, hewa baridi iingie, na lingine juu, upande wa pili. Kwenye tundu la juu Jeanne alifunga feni ndogo ya kompyuta ya zamani, isukume joto nje. Mwishoni wakaondoa kibao cha nyuma ya viti, sababu kofre nayo ni sanduku, na joto lake lazima lipate njia.

"Taa ikiwaka tena," Jeanne alisema, "punguza sauti, fungua kofre, ngoja ipoe. Usifunike."

"Hata kidogo?"

"Hata na kitambaa cha mukono," alisema Edith.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Ruphin alitangulia cortège, msafara wa arusi, mpaka katikati ya mji na kurudi, muziki ukiendelea. Mbele ya salle, ukumbi wa sherehe, Edith alipitisha mkono juu ya ampli. Ilikuwa na joto kidogo tu.

Mzee Stanislas, baba mkubwa wa bwana-arusi, akasimama kumpokea Myriam. Midomo ilienda. Hakuna aliyesikia neno, kwa kelele ya muziki.

"Baba Myriam, zima," Edith alisema.

"Unaona? Haizimi tena," Ruphin alijibu, akicheza karibu na motoka, mikono juu.

Edith akaenda kuzima mwenyewe.

Mzee alikohoa. "Mama, hii mashini yenu haichokake?"

"Haichokake, mzee," Edith alisema, akikaa. "Na mwenye mashini vilevile."