Moshi wa Udi Kwenye Video ya Samiha

Uvumi ulianzia Chumbageni, ukafika Muheza, na mimi ukanikwama kichwani hadi leo. Ati bi harusi Samiha alijirusha kisimani kwa aibu, kwa sababu alimtumia hawara video yake akisingwa, yaani akipakwa liwa na manukato ya harusi, kichwa wazi. Mwenye binti chuoni kama mimi hausahau uvumi kama huo. Na ukweli ulikuwa mbaya zaidi.

Maiti ilionekana Ijumaa, saa nne kasoro robo asubuhi, kwenye kisima cha nyuma ya nyumba yao. Inspekta Mwanamkasi alifika na Koplo Zebedayo. Akaitazama mikono ya marehemu. Hina bado mbichi, kucha mbili zimevunjika.

"Anayejirusha hang'ang'anii," alisema.

Mama wa marehemu, Bi Zeyana, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanamwita mwanangu malaya, umesikia?"

"Nimesikia. Nani alimwona kisimani?"

"Wifi yangu wa Dar alipiga simu kunipa pole. Nikamuuliza, pole ya nini? Akasema kaona mtandaoni Samiha amekufa. Ndipo tukaanza kumtafuta."

Inspekta na Koplo wakatazamana.

Habari ile iliandikwa na mtu anayejiita Malkia wa Pwani, saa tatu na dakika kumi na mbili. Nusu saa kabla maiti haijaonekana. Na Malkia huyo huyo ndiye aliyerusha ile video, usiku wa kuamkia Ijumaa.

"Siku ya kusinga, simu ziliruhusiwa ndani?"

"Thubutu! Nilikaa mlangoni mwenyewe na kikapu. Kila mwanamke alitia simu yake, hata mama wa Ziyad, bwana harusi."

Inspekta akaicheza video upya. Moshi ulipanda kutoka chini ya picha, mwanzo hadi mwisho. Bi harusi akigeuzwa huku, moshi nao unahamia huku.

"Umeona, Zebedayo?"

"Naona udi tu, afande."

"Basi umeona. Aliyerekodi ndiye aliyeshika chetezo, chombo cha kufukizia udi. Mama, nani alikuwa anafukiza?"

Bi Zeyana akashika mdomo. "Najat. Mdogo wake Samiha. Amekuja likizo kutoka chuo."

Kituoni, simu ya Najat iliwekwa mezani kama kielelezo. Kila ikitetemeka, macho ya binti yanaikimbilia.

"Ulitia simu kikapuni?"

"Nilitia."

"Mbovu, isiyowaka. Bado imo kikapuni, hujaikumbuka hata kuichukua. Malkia wa Pwani ni wewe?"

Simu ikatetemeka, Najat akaigeukia.

"Usiitazame hiyo. Nitazame mimi."

Najat akaanza kulia. "Ziyad aliiona asubuhi, akavunja ndoa. Samiha akajua ni mimi. Akanifuata kisimani anipokonye simu, aifute video. Tukavutana, nikamsukuma. Wallahi nilikuwa naiokoa simu tu."

"Dada yako wa damu, Najat. Kwa nini?"

"Chuoni tuko mia nne darasani. Mwalimu hanijui. Mwaka mzima nilikula peke yangu. Siku moja nikaweka mtandaoni picha ya bweni limejaa maji, watu mia tisa wakanijibu. Wakaniita malkia. Toka hapo, nisipoweka kitu naona kama sipo. Nikiweka cha jana, wanaondoka. Lazima niongeze."

Inspekta akaweka kalamu chini.

"Alipoanguka, aliita?"

"Aliita."

"Alisemaje?"

"Najat. Najat."

"Daktari ameandika alikuwa hai karibu nusu saa. Ulifanya nini?"

"Niliandika kuwa amekufa," alisema. "Watu walikuwa wanasubiri."

Simu ikatetemeka tena. Safari hii hakuitazama.

Wazazi wenzangu, tuepuke haya:

– Kumpeleka mtoto chuo tukadhani tumemaliza. Muulize anakula na nani.

– Kupokea simu kikapuni bila kuhakikisha inawaka.

– Kushangilia akituonyesha ni wangapi wamempenda huko mtandaoni. Mimi nilishangilia.

– Kusambaza video ya mtoto wa mwenzio, hata kwa shoga mmoja.

– Kuamini uvumi juu ya maiti isiyoweza kujibu.

– Kumwita mwanao mara moja, asiitike, ukanyamaza. Mwite tena.