Ufa Chini ya Rangi Nyeusi

Kila Jumamosi Zaitun alimaliza kudeki, akavaa shati lake kuukuu na kwenda Mkonze, kwenye gereji ya mama yake mdogo, fundi Hamida. Kazi yake ilikuwa kusugua vyuma kwa brashi ya waya na kuvipaka rangi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Leo sugua mikono ya matairi ya mbele ya gari la kaka yako, vile vyuma vinavyoyashikilia. Ni vyuma vya zamani, vimekuzidi umri. Ukiona ufa, niite kabla ya rangi."

Ufa aliuona, mwembamba kama unywele, kwenye mkono wa kushoto. Mashindano ya magari yalikuwa kesho yake, naye, kwa mdomo wake mrefu, alikwisha kulitangazia darasa zima kwamba kaka Mudrick angeshinda. Basi akachovya brashi nyingine kwenye rangi nyeusi, akapaka. Chuma kikang'aa, ungedhani kimetoka dukani.

Jumapili, uwanja wa vumbi nje ya mji ulijaa watu. Mudrick alipita na gari lake mbio akimpungia mkono. Mbele kidogo gari liliruka tuta, likatua kwa kishindo. Zaitun akapaza sauti.

"Kaka, simama!"

Nani angemsikia? Watazamaji wenzake walidhani anashangilia, nao wakazidisha kelele. Akamgeukia Hamida aliyesimama kando yake, akamshika, machozi yakimtoka.

"Mama mdogo, mkono wa tairi la kushoto una ufa! Niliuona, nikaupaka rangi."

Hamida hakungoja zaidi. Alimkimbilia mwamuzi, akachukua bendera nyekundu, akaipeperusha. Lakini Mudrick alikuwa upande wa pili, vumbi limemficha. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Zaitun aliishikilia kamba iliyozunguka uwanja, akilikodolea macho vumbi.

Hatimaye gari likaibuka. Mudrick aliiona bendera, akakanyaga breki. Mwendo ulikwisha kupungua chuma kilipokatika. Tairi likalala, gari likaburuza tumbo, likasimama. Mudrick akatoka akijipangusa vumbi, mzima.

"Nisamehe, kaka," Zaitun alilia.

Hamida aliokota kipande kilichokatika. Upande mmoja wa mkato uling'aa, ndipo palipokatika sasa hivi. Mwingine ulikuwa mweusi, rangi imepenya hadi ndani ya ufa.

"Chuma kuzeeka si kosa," alisema. "Mimi nilikosea, nilitazama rangi nisitazame chuma. Wewe uliona ukanyamaza, na umeona kilichokaribia kutokea. Kesho peleka kipande hiki shuleni. Wale uliowatangazia ushindi, waeleze na hili, mwanangu."